Land Rover 109 iliyolala: kutafuta ugonjwa pamoja na wanafunzi wa karakana

Gari linalozungumzwa hapa ni Land Rover 109 Series III ya petroli, ile ya injini ya silinda nne yenye ujazo wa sentimita za ujazo 2,286, iliyotengenezwa kati ya 1971 na 1985. Tangu tamasha la Land Rover la Oktoba 2024 hapa Arusha, vijana wa karakana hawanipi nafasi ya kupumua: "Mwalimu, la kwetu litaingia lini barabarani?" Litaingia. Ila kwanza tukubaliane namna ya kulitafutia ugonjwa, kwa sababu fedha ya shule ni ile ile na duka la spea halikopeshi.

Gari lililochakaa na gari lililolala hayaumwi ugonjwa mmoja. Lililochakaa limekula ringi, limelegea bearing, limetembea mpaka likachoka. Lililolala limeganda, limeziba na limeshika kutu, lakini ndani vyuma vyake mara nyingi bado ni vizima. Kisha kuna ugonjwa wa tatu ambao hauandikwi kwenye kitabu chochote cha ufundi: ule tunaouleta wenyewe tunapofungua na kufunga. Darasani tunafuata mpangilio huu. Dalili ikitokea, shuku usingizi kwanza, mikono yetu pili, uchakavu mwisho. Fundi anayeanza na uchakavu atanunua kabureta mpya wakati tatizo ni waya uliofungwa juu ya rangi.

Sheria mbili kabla hamjagusa spana. Kinabadilishwa kitu kimoja tu, halafu mnapima. Na mwanafunzi anayetaka kupima aseme kwanza, mbele ya wenzake, anategemea kuona nini. Asiyeweza kusema hayuko tayari kupima, anabahatisha.

Injini haizunguki kabisa

Msianze na ufunguo. Toeni plagi zote nne, wekeni gia huru, ingizeni hendeli mbele na mzungushe kwa mkono, polepole. Ikizunguka mzunguko mzima bila kukwaruza, hatua hii mmeivuka.

Ikikataa, msiwaite vijana wawili wenye misuli waning'inie. Valvu zilizobaki wazi zimeingiza unyevu wa masika, na pistoni moja au mbili zimeshikana na ukuta wa silinda kwa kutu nyembamba. Mimina mchanganyiko wa dizeli na oili ya gia otomatiki kwenye matundu ya plagi, acha ilowe siku kadhaa, ongeza, acha tena. Baadaye weka gia ya nne na msukume gari mbele na nyuma kidogo kidogo. Mara nyingi linaachia bila sauti, mnashtukia tu magurudumu yanatembea na feni inazunguka.

Likishaachia, fungueni kava ya juu mtazame valvu zikipanda na kushuka wakati mwenzenu anazungusha hendeli. Valvu iliyoganda kwenye njia yake haitarudi juu. Mkiwasha na hali hiyo mtapinda fimbo yake, na hapo usingizi utakuwa umegeuka kuwa gharama.

Kuna kesi nyingine inayofanana na hii. Jana injini ilikuwa inazunguka, leo imegoma ghafla baada ya mtu kujaribu starta mara nyingi kwa betri dhaifu. Hiyo si kutu. Ni meno ya starta yaliyonasa kwenye meno ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini. Nyuma ya starta za aina hii kuna ncha ya shafti yenye pembe nne. Ishike kwa spana, izungushe kidogo, itaachia.

Unawasha ufunguo, inasema "tik" au inakaa kimya

Pima betri ikiwa imepumzika: volti 12.6 ni betri iliyojaa. Pima tena wakati mwenzako anawasha. Ikianguka chini ya 10, betri ndiyo mgonjwa, au starta inakula umeme kupita kiasi.

Kama betri inabaki juu na starta bado haina nguvu, shuku njia ya umeme. Weka mguu mmoja wa multimita kwenye chuma cha injini, mwingine kwenye ncha hasi ya betri, halafu mtu awashe. Ukisoma zaidi ya nusu volti, ethi ya injini (njia ya umeme kurudi kwenye betri) ni mbovu. Mkanda mnene wa waya uliosukwa kati ya injini na chasisi umeoza, au umefungwa juu ya kutu. Nimeona watu wakipeleka starta nzima kwa mafundi wa mtaa wa Unga Limited kusukwa upya kwa sababu ya mkanda huo tu.

Starta inazungusha vizuri, injini haiwaki

Hapa ndipo darasa linapochangamka, na ndipo fedha hupotea. Swali la kwanza ni moja: kinachokosekana ni moto au mafuta? Asijibu mtu kwa kukisia.

Chomoa waya wa katikati kwenye kava ya distributa (kifaa kinachogawa moto kwa plagi), ushike kwa koleo yenye mpini wa plastiki, ncha yake iwe milimita sita hivi kutoka kwenye chuma cha injini, mbali na kabureta. Zungusha starta. Cheche ya bluu inayopiga kwa sauti ni afya. Cheche ya njano, nyembamba, au hakuna kabisa, shida iko kwenye moto.

Fungua kava ya distributa. Ndani kuna pointi, vile vichuma viwili vinavyogusana na kuachana kadiri injini inavyozunguka. Kwenye gari lililolala vinafunikwa na utando wa kijivu usiopitisha umeme, hata kama havijawahi kufanya kazi tangu vinunuliwe. Vipitishie msasa laini, halafu kipande safi cha kadi ngumu kutoa vumbi. Nafasi kati yao vikiwa vimeachana kabisa iwe milimita 0.35 hadi 0.40, kwa fila geji (kibamba chembamba cha kupimia nafasi), si kwa jicho.

Sasa mikono yetu. Pointi mpya ikifungwa, kuna kijiboli chenye vikombe vya plastiki vinavyozuia umeme. Waya mdogo wa koili (inayopandisha umeme wa cheche) na waya wa kondensa (inayolinda pointi zisiungue) vinatakiwa kugusana vyenyewe kwa vyenyewe na kugusa springi ya pointi, lakini visiguse kijiboli wala bamba la chini. Ukikosea mpangilio wa vikombe hivyo, umeme unakwenda ethi moja kwa moja na cheche haitatokea hata mkibadilisha koili tatu. Kwa macho kazi inaonekana imekamilika, safi kabisa.

Kipimo kinachofichua hilo ni taa ndogo ya kupimia. Fungua ufunguo, unganisha taa kati ya ncha ya koili inayokwenda kwenye distributa na chuma cha injini, halafu zungusha starta. Taa ikiwaka na kuzima, pointi zinafanya kazi. Ikiwaka moja kwa moja bila kuzima, pointi hazigusani: utando au nafasi kubwa mno. Isipowaka kabisa, ama umeme haufiki kwenye koili (pima upande wa pili wa koili), ama umeshikwa na ethi ndani ya distributa. Rudi kwenye vile vikombe vya plastiki, kisha kwenye kondensa.

Moto ukiwepo, geukeni kwenye mafuta. Kabla ya hapo toeni waya wa koili ili pasiwe na cheche, na mtu mmoja asimame na mtungi wa kuzimia moto mkononi, si ukutani. Petroli iliyolala miaka haina tena harufu ya petroli, inanuka kama vanishi ya fundi seremala. Imwageni yote. Msichanganye na mpya mkidhani mnaokoa lita. Na tenki lenye tundu lisipelekwe kwa mchomeleaji hata mkiapa ni tupu. Mvuke unaobaki ndio unaolipuka.

Toa mpira unaoingia kwenye kabureta, uelekeze kwenye chupa, zungusha starta. Mafuta yakiruka kwa mapigo, pampu ni nzima. Yasipotoka, ruka tenki: mpe pampu mafuta kutoka kwenye dumu dogo kwa mpira mwingine. Sasa yakitoka, njia ya tenki ndiyo imeziba. Yakikataa, utando wa mpira ndani ya pampu umekauka na kupasuka. Hapo chomoa pia stiki ya oili uinuse. Ikinuka petroli, utando ule umekuwa ukimwaga mafuta ndani ya oili, na oili hiyo ibadilishwe kabla injini haijawaka.

Tatizo moja la kwetu kabisa: nyigu wa udongo. Huziba tundu lolote la ukubwa wa kalamu, na pumzi ya tenki ni nyumba nzuri kwao. Injini inawaka, inakwenda dakika chache, inazima kama imekatiwa. Unasubiri, inawaka tena. Fungua kifuniko cha tenki mara tu inapozima na usikilize. Ukisikia "fyuu", hewa inaingia kwa pupa, umeshampata. Safisha njia ya pumzi kwa waya mwembamba.

Inawaka lakini haikai sailensa (haiungurumi bila kukanyagwa mafuta), moshi mweusi, plagi nyeusi kavu

Maana yake mafuta ni mengi kuliko hewa. Kabla hamjafungua chochote kumbukeni mko wapi. Arusha iko kwenye mwinuko wa mita 1,400 hivi, na hewa ya hapa ni nyembamba kwa karibu asilimia 15 kuliko ya Tanga au Dar es Salaam. Vipimo vya kwenye kitabu vimeandikwa kwa watu wa chini. Gari lililokuwa sawasawa pwani litakuja huku likiwa na mafuta mengi kidogo, na hilo peke yake si ugonjwa. Skrubu ya mchanganyiko inatosha kulirekebisha.

Ukigeuza skrubu hiyo ndani na nje bila injini kubadilika chochote, sasa huo ni ugonjwa. Kabureta ya Zenith iliyofungwa kwenye magari haya ina tabia moja inayojulikana: mfuniko wake wa juu hupinda, hasa ukikazwa kupita kiasi na mtu aliyedhani kukaza ndiko kuziba. Uwazi unaobaki, hata mwembamba kama karatasi, unapitisha mafuta kwa njia isiyo yake. Toa mfuniko, usafishe, uweke kwenye kioo cha dirisha. Mulika tochi upande mmoja, tazama upande wa pili. Mwanga ukipita, mfuniko umepinda.

Dawa ni kazi ya mikono ambayo kila mwanafunzi anaiweza. Gundisha msasa laini kwenye kioo hicho, usugue mfuniko kwa mizunguko ya namba nane bila kuukandamiza, mpaka uso wote ung'ae sawasawa. Badilisha na ile ringi ndogo ya mpira iliyo kati ya mfuniko na kiini cha kabureta. Ikikauka inaleta dalili hiyo hiyo. Funga kwa kukaza kidogo kidogo, kona kwa kona. Niliwahi kumpa kazi hii mwanafunzi wa kidato cha tatu aliyekuwa anaonekana hana haraka na maisha, na uso ule ulitoka kama kioo. Wenye haraka walikuwa wameurudia mara kadhaa.

Asubuhi za Juni na Julai, baridi ya Meru ikishuka, injini kuhitaji choki si tatizo. Tatizo ni choki isiyorudi. Kebo ikiwa na kutu, moshi mweusi utaendelea mchana kutwa.

Inamisi, inatetemeka, inapiga "paa" kwenye kabureta

Mara nyingi ni mikono yetu. Mpangilio wa moto ni 1-3-4-2, silinda namba moja ni ya mbele karibu na rejeta, na rota ya distributa inazunguka kinyume na saa. Vijana wengi huzipanga waya kwa mwelekeo wa saa kwa mazoea. Wekeni alama kwa tepu kabla ya kutoa, si baada.

Waya zikiwa sawa, iache injini iunguruke na uchomoe waya wa plagi mmoja mmoja kwa koleo ya plastiki. Silinda ambayo ukiitoa hakuna kinachobadilika ndiyo isiyofanya kazi. Badilishana plagi yake na ya jirani. Ugonjwa ukihama na plagi, umepata. Ukibaki pale pale, angalia nafasi ya tapeti, ule uwazi wa juu ya valvu: milimita 0.25 kwa valvu zote nane. Kuna njia rahisi ya kukumbuka: valvu iliyobanwa chini kabisa na ile unayoirekebisha, jumla ya namba zake iwe 9. Moja ikiwa chini, rekebisha ya nane. Tatu ikiwa chini, rekebisha ya sita.

Mwisho pimeni mgandamizo. Msishtuke namba zikiwa chini ya zile za kitabu. Ni hewa yetu tena. Linganisheni silinda zenyewe kwa zenyewe. Moja ikiwa chini sana, mimina kijiko cha oili kwenye tundu la plagi na upime tena. Ikipanda, ringi. Isipopanda, valvu au gasketi. Mbili za jirani zikiwa chini pamoja, gasketi imeungua katikati yao.

Inachemsha

Maji kwa mwinuko wa Arusha yanachemka kwenye nyuzi 95 hivi, si 100. Ndiyo maana kifuniko cha rejeta, kinachoshikilia presha, si pambo. Mpira wake ukikauka, gari litamwaga maji kwenye kila mlima hata kama kila kitu kingine ni kizima. Anzeni na hicho, ni cha bei ndogo.

Kisha tope. Fungua bomba la kutolea maji pembeni mwa injini. Yasipotoka, usifurahi kwamba hakuna uvujaji. Tundu limezibwa na matope ya kutu. Lizibue kwa waya, suuza kwa mpira wa bustani mpaka maji yatoke meupe. Rejeta isuuzwe kwa kupitisha maji kinyume na njia yake ya kawaida.

Mafundi wengi wa mtaani wakiona gari linachemsha wanang'oa thamostati, ule mlango wa maji unaofunguka kwa joto. Mimi siafiki. Injini inabaki baridi, inakunywa mafuta na oili inachafuka mapema. Itumbukizeni kwenye sufuria ya maji ya moto na kipimajoto muone inafunguka kwa nyuzi ngapi. Ni somo zuri la fizikia kuliko picha ya ubaoni.

Breki inazama, au inavuta upande

Hapa sina mzaha: gari halitoki karakanani breki zikiwa za "zitashika tu". Vumbi lililo ndani ya ngoma za magari ya enzi hizo linaweza kuwa na asbesto. Lisipulizwe kwa kompresa wala kwa mdomo. Lowesha kwa maji ya sabuni, futa kwa tambara, tambara litupwe ndani ya mfuko uliofungwa.

Kwenye gari lililolala, wekeni akilini kwamba silinda zote za magurudumu zina kutu ndani, hata zile zisizovuja. Mafuta ya breki hunyonya unyevu, na unyevu huo umekaa humo miaka. Pedali ikizama polepole ukiwa umeikanyaga, na hakuna panapovuja nje, masta silinda inapitisha ndani. Ikiwa laini kama sifongo, upepo bado umo. Kwenye 109 kila gurudumu la mbele lina silinda mbili, basi utoaji wa upepo unahitaji subira. Vilevile rekebisheni breki shuu kwanza. Zikiwa mbali na ngoma, pedali itaenda chini hata kama upepo umeisha. Na mtu asithubutu kuongeza oili ya injini kwa sababu "ni mafuta tu". Mipira yote itavimba.

Inavuta kushoto? Upande wa kulia haushiki. Tafuta oili ya ekseli iliyolowanisha shuu.

Taa zinafifia, indiketa ikiwashwa taa ya breki inakonyeza

Dalili hii huja baada ya rangi mpya. Vijana wamepiga msasa, wamepaka, gari linang'aa, halafu taa zinafanya vituko. Umeme ukikosa njia ya kurudi kwenye ethi unapita kwenye taa ya jirani. Rangi ndiyo iliyoziba njia. Mgusano wa kila ethi ukwanguliwe mpaka chuma kitupu, ukazwe, halafu upakwe grisi.

Land Rover ina lake la ziada. Bodi ni aloi ya aluminiamu, chasisi ni chuma cha kawaida, na vinapokutana kwenye unyevu aluminiamu inaliwa na kubaki unga mweupe. Bolti inaonekana imekaza, lakini chini yake ni unga. Taa za nyuma zikisumbua, msitegemee bodi. Pitisheni waya mmoja wa ethi kutoka kwenye taa hadi kwenye chasisi, na mtakuwa mmemaliza ubishi.

Chaji ipimwe pia: injini ikiunguruma, betri isome kati ya volti 13.8 na 14.4.

Gia hazikubali injini ikiwaka, zinakubali ikizimwa

Sahani ya klachi imeshikana na flaiwili kwa kutu. Pasheni injini moto, izimeni, kanyageni klachi na muifunge pedali chini kwa ubao usiku kucha. Mara nyingi inaachia. Msishushe giaboksi kabla ya kujaribu hilo.

Moshi wa bluu

Siku za kwanza usiwatie hofu. Ni ile oili mliyomimina kwenye silinda ikiungua. Ukiendelea baada ya gari kutembea vya kutosha, lipelekeni mteremko wa kuelekea Usa River, na mtu akae nyuma akitazama bomba. Ukitoka pale dereva anapokanyaga mafuta tena baada ya kushuka akiwa ameachia, oili inapita kwenye njia za valvu, na hiyo ni kazi ya silinda hedi peke yake. Ukitoka wakati wote gari likivuta mzigo, ni ringi. Huo sasa ndio uchakavu wenyewe, na hapo ndipo fedha inatumika kihalali. Silinda zipimwe kwanza kwa mikromita, juu, katikati na chini, kabla ya kuagiza ringi za saizi yoyote, na kazi ipangwe likizo ya Juni, karakana isipohitajika na darasa jingine.